Kwa Nini Walifiche Jicho?

Chukueni simu yo yote ya siku hizi, mtazame kioo chake upande wa juu. Mtaona kitundu cheusi, pengine katikati, pengine pembeni. Hilo ndilo jicho la simu, yaani kamera inayomtazama yule anayeishika. Basi, tangu mwaka 2019 hivi mafundi wa China, wa Korea na wa Marekani wanasumbuka kutafuta njia ya kukiondoa kitundu hicho machoni pa watu. Hawataki kuliondoa jicho. Jicho libaki palepale, likitazama kama zamani, ila sisi tusilione. Walilaze chini ya kioo, na maandishi na picha zipite juu yake kana kwamba hapana kitu. Kazi hiyo husifiwa sana katika matangazo ya wauzaji. Sisi twaipinga, na twawaomba wasomaji watusikilize mpaka mwisho, hasa wale wanaodhani kwamba mambo ya simu ni mambo ya vijana wa mjini tu.

Lakini tusichanganye mambo. Chini ya kioo cha simu mna vidude vya namna nyingi, wala si vyote vyenye ubaya. Kimo kinachopima mwanga wa mahali: ukitoka chumbani kwenda juani, kioo huongeza nuru yake upate kusoma. Kimo kingine kinachojua kwamba simu imefika sikioni, ili kioo kizimike na shavu lisibonyeze namba. Hivyo vimefichwa katika simu nyingi. Hata iPhone 14 Pro ya mwaka 2022 ilikilaza hicho cha sikioni chini ya kioo, na hatuoni aliyedhurika. Hali kadhalika kisomaji cha alama ya kidole. Simu ya kwanza kuuzwa yenye kisomaji hicho chini ya kioo ilikuwa Vivo X20 Plus UD, mwezi wa Januari 2018. Kioo chenyewe humulika kidole, mwanga hurudi ukipenya katikati ya vidoa vya kioo, na kidude kilicho chini hulinganisha mistari ya kidole na ile iliyowekwa mwanzoni. Mwaka 2019 Samsung walitumia njia nyingine katika Galaxy S10: mlio usiosikika kwa sikio la mtu, unaogonga kidole na kurudi. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ikajulikana kwamba ukibandika juu ya kioo vifuniko fulani vya silikoni, simu hufunguka kwa kidole cha mtu ye yote. Samsung wakalazimika kutoa programu ya kurekebisha. Hilo lilikuwa kosa la fundi, na kosa la fundi hurekebishwa na fundi. Tena kisomaji cha kidole hakifanyi kazi mpaka mwenyewe uweke kidole. Hapo pana ruhusa. Kamera ni jambo jingine, maana kamera haingoji uiguse.

Yafaa tujue kazi yenyewe ilivyo ngumu, kwa kuwa ugumu wake ni sehemu ya hoja yetu. Kioo cha simu za bei kubwa ni cha namna iitwayo OLED: kila kidoa chake hutoa mwanga wake chenyewe, mwekundu, wa kijani au wa buluu. Kati ya kidoa na kidoa pana nafasi ndogo sana, na mwanga wa kuifikia kamera hauna budi kupita humo. Lakini humo pia zimo nyaya za kuleta umeme, na juu ya vidoa vyote umetandazwa utando mwembamba wa madini usiopitisha mwanga wote. Chini yake, katika vioo vinavyokunjika, iko plastiki iitwayo poliimidi, nayo kwa desturi ni ya manjano, yaani hunyonya rangi ya buluu. Basi mwanga hufika kwa kamera ukiwa kidogo, tena rangi yake imebadilika. Na ubaya mkubwa kuliko huo ni huu: mwanga ukipita katika nafasi ndogondogo zilizopangwa safusafu, hauendi moja kwa moja, bali hupinda na kutawanyika. Mwenye kutaka kuliona jambo hili kwa macho yake, alale ndani ya chandarua usiku na kuitazama taa iliyo mbali: ataona miale imeenea pande nne. Ndivyo kamera iliyofunikwa inavyoziona taa na madirisha. Uso wa mtu nao hutoka kama umefunikwa na ukungu.

Mafundi walifanya nini? Walipunguza vidoa pale palipo juu ya kamera, au wakavifanya vidogo zaidi. Wakatengeneza nyaya zinazopitisha mwanga. Wakautoboa ule utando. Na mwisho wakaandika programu ya kusafisha picha, yaani ya kukisia jinsi uso ungalionekana kama ukungu usingalikuwapo. Mlipime neno hilo, kukisia. Picha ya uso wako sehemu yake inafanywa na mwanga, na sehemu yake ni makisio ya mashine, kwa sababu tu kitundu cha upana wa punje ya mtama hakikuwapendeza watu fulani.

Matunda ya kazi hiyo yajulikana. Mwaka 2020 kampuni ZTE ya China iliuza Axon 20 5G, simu ya kwanza ya sokoni yenye kamera chini ya kioo, na waliyoijaribu wakaona picha zake zina ukungu. Mwezi wa Agosti 2021 Samsung walitoa Galaxy Z Fold3, simu ya kukunjika, ambayo huko Marekani iliuzwa karibu dola 1,800. Kamera iliyofichwa ndani yake ilikuwa ya megapikseli 4 tu, na hali simu hiyohiyo ilikuwa na kamera nyingine ya nje, katika tundu la wazi, yenye megapikseli 10. Waliotazama kwa makini waliona mahali pa kamera pana mirabamiraba, kama kitambaa kilichotiwa kiraka cha uzi mwingine. Basi hata siri yenyewe haikuwa siri kamili! Samsung wakaendelea hivyo mwaka kwa mwaka, mpaka Fold6 ya mwaka 2024. Kisha mwezi wa Julai 2025 ikaja Fold7, na ndani yake tundu la wazi limerudi, na megapikseli 10 pamoja nalo.

Twauliza: nani aliyewaomba? Twajua habari ilivyoanza. Mwaka 2017 kampuni Apple ilitoa iPhone X, ambayo kioo chake kilijaa uso wote wa simu, ila juu palibaki pembe nyeusi ya kuwekea kamera na vidude vyake. Watu wakacheka. Tangu hapo kila kampuni ikataka kuonyesha kioo kisicho na doa. Na hapo katikati ikatokea njia moja ambayo sisi twaisifu hata leo: mwaka 2018 Vivo walitoa simu iitwayo Nex, na mwaka 2019 OnePlus wakatoa 7 Pro, ambazo kamera yake ilikaa ndani ya mwili wa simu. Ukitaka kupiga picha, mota ndogo huisukuma itoke juu, kama konobe atoavyo kichwa nje; ukimaliza, hurudi ndani. Kioo kilikuwa kitupu kama walivyotaka, na mtu aliyekaa mbele ya simu aliweza kujua hakika kama jicho limefunguka au limefungwa. Hata mtoto angalijua. Lakini mota hula nafasi, huchakaa, na tundu lake huingiza vumbi na maji. Kwa hiyo wakaiacha. Katika njia zote walizozijaribu, waliiacha iliyosema kweli wakashika inayoficha. Hatusemi waliiacha kwa sababu ilisema kweli. Twasema kwamba walipopima faida na hasara, ukweli haukuwekwa katika mizani.

Mtu ataleta hoja: kamera ya simu yangu hunitazama mimi, na simu ni mali yangu, ubaya uko wapi? Tunajibu kwamba ufundi haukai ndani ya simu. Ukishajifunza kuficha jicho katika kioo cha mkononi, waweza kulificha katika kioo cho chote: cha televisheni ya chumba cha wageni, cha darasani, cha benki, cha matangazo njiani. Mwaka 2025 Lenovo wamekwisha kuleta kompyuta, Yoga Slim 9i, yenye kamera chini ya kioo. Na kwamba wako watu wanaopenda kuwatazama wengine kupitia kioo bila kusema, hilo si ndoto yetu, limekwisha kutokea.

Mwezi wa Julai 2018, katika jumba la maduka liitwalo Chinook Centre, mjini Calgary, nchi ya Kanada, palikuwa na kioo kikubwa cha kuwaelekeza watu duka wanalolitafuta. Siku moja kikapata hitilafu, na badala ya ramani kikaonyesha maandishi ya ndani ya programu, na humo jina la kazi ya kusoma nyuso. Mgeni mmoja akapiga picha, akaieneza. Wasimamizi wa faragha wa nchi hiyo wakachunguza, na mwezi wa Oktoba 2020 wakatangaza waliyoyakuta. Kampuni Cadillac Fairview, yenye majumba hayo, ilikuwa imeweka kamera ndogo ndani ya vioo vya maelekezo katika majumba 12. Nyuso za wapita njia zilipigwa picha na kugeuzwa kuwa tarakimu, ili kukisia umri wao, na kama ni mwanamume au mwanamke. Picha zilikuwa milioni 5. Kampuni ikajitetea kwamba kwenye milango palikuwa na vibandiko vya kuwaelekeza watu kwenye kanuni zake. Wasimamizi wakajibu kwamba haitoshi. Na kweli, nani akiuliza njia ya duka la viatu hudhani kwamba ramani inamhesabu miaka?

Tena mwezi wa Februari 2024, katika Chuo Kikuu cha Waterloo, nchi hiyohiyo, mashine ya kuuza peremende za M&M ilionyesha maandishi ya hitilafu yenye jina la programu ya kutambua nyuso. Kampuni Invenda iliyoitengeneza ikasema kwamba mashine haihifadhi picha wala haimtambui mtu, ila hujua tu kwamba mtu amesimama mbele yake. Huenda ni hivyo. Lakini wanafunzi walikasirika, na chuo kikaagiza mashine hizo ziondolewe.

Angalieni: mara zote mbili mashine iliungama kwa sababu iliugua. Kama ingalikuwa nzima, watu wangaliendelea kupita mbele yake wakitazamwa. Na angalieni jambo la pili, ambalo kwetu ndilo kubwa. Wale wanafunzi wa Waterloo, walipokuwa wakingoja mashine ziondolewe, walifanya nini? Walikiziba kitundu kwa chingamu na vipande vya karatasi. Hawakuhitaji kujua programu, wala kuandika barua, wala kumwomba mkubwa ruhusa. Waliona kitundu, wakakiziba. Hata Mark Zuckerberg, mkubwa wa Facebook, alionekana katika picha mwaka 2016 akiwa amebandika utepe juu ya kamera ya kompyuta yake; na bila shaka huyo hakukosa mafundi wa kumshauri. Utepe na chingamu ni silaha ya mtu mdogo na ya mtu mkubwa pia. Sasa tuambieni, kamera ikiwa chini ya kioo, chingamu tutaibandika wapi? Juu ya picha nzima? Ndicho tunachonyang'anywa, na tunanyang'anywa kwa jina la uzuri.

Wauzaji wana jibu. Wasema: msiogope, kamera ikifanya kazi kioo huonyesha kidoa cha kijani. Ni kweli kwamba simu za Apple zina alama hiyo tangu mwaka 2020, na simu za Android tangu mwaka 2021. Ni alama njema, twashukuru. Lakini kidoa hicho huchorwa na programu, juu ya kioo kilekile kinachotawaliwa na programu. Mwenye kuitawala simu kwa hila aweza kukifuta. Hata taa halisi imewahi kudanganywa: mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba katika kompyuta za Apple za mwaka 2008 hivi mtu aliweza kuiwasha kamera na taa yake isiwake, na hali taa hiyo ilikuwa imewekwa makusudi kuwaonya watu. Ikiwa taa yenye waya wake imedanganywa, tutakiaminije kidoa cha kuchorwa? Na kile kioo cha Calgary hakikuwa na kidoa cho chote. Alama ya simu humsaidia mwenye simu. Aliye mbele ya kioo cha mwingine hana alama.

Hata hivyo iko hoja moja ya upande wao ambayo hatuwezi kuipita haraka, maana ni njema. Mama aliye Bukavu anazungumza kwa simu ya picha na mwanawe aliye Bruxelles. Mtoto anautazama uso wa mama yake katikati ya kioo, lakini kamera iko juu. Basi mama humwona mtoto ametazama chini, kana kwamba ana haya au anaficha neno. Mama naye vivyo hivyo. Wanazungumza saa nzima, na macho hayakutani hata mara moja. Wote waliotengana na watu wao wayajua mambo haya, hata kama hawakujua sababu yake. Kamera ikiwekwa chini ya kioo, palepale penye uso, macho yatakutana. Kampuni Microsoft nayo imefanya uchunguzi kwa ajili ya shabaha hiyo. Sisi twakiri kwamba hii ni faida ya kweli, na kama ingalikuwa ndiyo sababu ya kazi yote, tungalinyamaza kidogo.

Lakini tazameni simu zinazouzwa. Kamera imefichwa chini ya kioo, ndiyo, lakini wapi? Juu, palepale palipokuwa na tundu! Macho hayakutani bado. Waliitumia ile faida katika maneno, hawakuitumia katika kazi. Tena, hata kamera ikihamia katikati, hapana sababu isiwe na alama. Chora duara nyembamba kuizunguka. Mama hatakasirika kwa duara. Atajua mahali pa kutazama, na macho yatakutana vizuri zaidi. Kukutana kwa macho na kufichwa kwa jicho ni mambo mawili, na wauzaji huyafunga katika furushi moja ili tuyanunue pamoja.

Wengine hutuambia: asiye na kosa ataogopa nini? Neno hili tumelisikia mara nyingi, tena kwa watu wema. Basi tuwaulize, kwa nini mgeni hupiga hodi? Jirani mwema ajaye na chumvi mkononi hupiga hodi. Mtoto wa nyumbani akipita mlango wa baba yake hupiga hodi. Hawapigi hodi kwa kuwa ndani mna wevi, wala wenye nyumba hawaitaki hodi kwa kuwa wana la kuficha. Hodi humpa mtu nafasi ya kujiweka sawa, na nafasi ya kusema: ngoja kidogo. Kamera inayoonekana imepiga hodi. Kamera iliyofichwa imekwisha kuingia.

Na asiye na kosa aweza kupata hasara vilevile. Mwaka 2010, katika wilaya ya shule za Lower Merion, Pennsylvania, ikajulikana kwamba kompyuta walizopewa wanafunzi zilikuwa na programu ya kupiga picha kutoka mbali, hata zikiwa nyumbani, na kwamba maelfu ya picha yamekusanywa. Wakubwa walisema ilikuwa kwa ajili ya kutafuta kompyuta zilizoibwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wakakubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi. Wako wanafunzi walioona taa ndogo ya kamera ikiwaka mara moja na kuzimika, wakashangaa. Taa hiyo ndogo ilikuwa shahidi wa pekee waliyekuwa naye vyumbani mwao.

Tunataka nini basi? Hatutaki simu zivunjwe. Twataka kamera yo yote iliyo nyuma ya kioo iwe na alama isiyofutika, iliyochongwa au kuchorwa katika kioo chenyewe. Twataka taa yake ishike waya uleule unaoipa kamera umeme, bila programu katikati, ili kamera isiweze kuona na taa ikalala. Twataka kifuniko cha kusukuma kwa kidole, kama kile kilichomo tayari katika kompyuta nyingi. Hayo si magumu kwa watu walioweza kutoboa utando wa madini mwembamba kuliko unywele. Wala si jambo jipya kuziamuru kampuni: Korea Kusini tangu mwaka 2004 ina kanuni kwamba simu ikipiga picha lazima itoe mlio, na Samsung wenyewe ni watu wa Korea. Kama mlio uliwezekana, duara litawezekana.

Na sisi wa Kongo tunalo neno katika shauri hili. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yatoka katika ardhi yetu, huko Kolwezi na jirani zake, nayo huingia katika betri za simu hizo; na koltani ya Kivu huingia katika vidude vyake vya umeme. Hatujapata kuulizwa simu ifanyweje. Lakini kama wanunuzi tunaulizwa kila siku, dukani, na jibu letu ni fedha tunayoitoa au tunayoirudisha mfukoni. Televisheni ya ukumbi, kompyuta ya shule, simu ya mtoto: kabla ya kulipa, mwulize muuzaji kamera iko wapi, akuonyeshe kwa kidole, tena akuonyeshe inavyofunikwa. Akisema haipo, aandike hivyo juu ya hati ya kununulia na kutia sahihi.